Maji Magumu ya Kiboko

Jumanne, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea na mstari wa pili, funga mlango. Kama jirani yako yuko hapo anaomba chumvi, mpe chumvi aondoke kwanza. Neno hata moja la barua hii lisitoke mdomoni mwako. Usimsomee mtu, usimdokeze baba, usiiweke chini ya mto. Ukimaliza, ichome. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kompyuta ninayotumia ni ya kampuni, simu ni ya kampuni, na fundi wetu wa kompyuta ana tabia ya kujua mambo ambayo hakuna aliyemwambia.

Shangazi, wamemwiba Kiboko.

Sisemi ndege yenyewe. Ndege yenyewe kampuni iliinunua kihalali kwa warithi wa yule mzee mkusanyaji wa vitu vya kale, nayo iko bandani inapakwa rangi, ianze kupeleka abiria ng'ambo ya ziwa, maana hutua uwanjani na majini pia. Nasema Kiboko wetu, yule wa kwenye kompyuta, uliyemchora wewe ribiti kwa ribiti huku mimi nikikupigia hesabu za magurudumu. Yule tuliyemgawa bure mtandaoni kwa watu wanaocheza kurusha ndege sebuleni kwao.

Leo asubuhi nilitumwa kupeleka faili la kusainiwa kwenye chumba cha mafunzo. Wameweka humo kiti cha rubani, usukani, pedali, na skrini inayojaza ukuta mzima. Kwenye skrini kulikuwa na ndege ya zamani imekaa majini. Nikajiambia, tulia, ndege za zamani zinafanana. Kisha rubani aliyekuwa kitini akageuza picha kutazama nyuma, nikakiona kikombe chako. Kile cha bati la buluu, kimebanduka rangi na kimekatika mkono, ulichokiweka kwenye rafu nyuma ya kiti ili mtu akikiona ajue nani amechora.

Mkuu wa Mafunzo alikuwa na wageni wawili. Akawaambia, "Hii tumeitengeneza hapahapa. Miezi kadhaa ya kukesha." Chini ya skrini, palipokuwa na jina lako, pameandikwa: Imetengenezwa na Idara ya Mafunzo.

Kalamu ikaniponyoka. Mkuu akaniambia, "Okota, binti, halafu nenda." Nikaokota, nikaenda.

Mkataba wangu bado ni wa majaribio. Nilihangaika sana kupata kazi hii, na niliiomba kwa sababu moja tu, niwe karibu na ndege ile. Nishauri cha kufanya, ila wewe mwenyewe usifanye lolote. Jibu lipitishie sanduku la posta la mwenye nyumba wangu, mshonaji, na juu ya bahasha uandike Mama Cherehani, si mimi.

Mtoto wa kaka yako,
Kobe

*

Jumatatu, 10 Machi

Kobe,

Marahaba. Nimefunga mlango kama ulivyoagiza, kisha nimeufungua, maana hewa ilikuwa hainitoshi kwa hasira. Barua sijaichoma. Naitunza, siku moja itahitajika.

Miezi kadhaa ya kukesha! Alikesha wapi huyo bwana? Mimi ndiye niliyetambaa chini ya tumbo la ndege ile katika uwanja wa yule mzee, nimeshika futi ya kitambaa, nyigu wamejenga ndani ya injini. Mzee akipita ananitania, "Dada, unampima suti?" Nikamjibu, "Ndiyo, na mwili wake unanishinda." Nimestaafu kuchora ramani za majengo ya watu ambao hawakuwahi kunitaja popote, nikasema sasa nachora kitu changu. Nimempiga picha kila kishikizo. Nimechora hadi mahali ambapo vidole vya marubani waliokwisha kufa vimelamba rangi kwenye usukani.

Sisi watu wa mchezo huu tunagawa bure. Mchukue, mrushe, furahi. Tunachodai ni kimoja tu, jina libaki. Anayefuta jina si mwizi wa kawaida. Mwizi wa kawaida angalau anakimbia. Huyu amesimama palepale anapokea wageni!

Na wewe ukaokota kalamu. Mtoto wa kaka yangu, msomi mzima, unaokota kalamu unatoka!

Wanajua wanachokiiba lakini? Wanajua tulivyohangaika? Unakumbuka toleo la kwanza lilivyopewa nyota mbili, watu wanalalamika kwamba Kiboko anabinuka majini kila wakisahau kukunja magurudumu? Nilikaa nikalainisha maji ya kwenye kompyuta mpaka nyota zikafika nne na nusu. Nne na nusu, Kobe! Hizo ndizo anazojivunia huyo bwana mbele ya wageni wake.

Nenda kwa Mkurugenzi, umwambie. Kama huwezi, sema hivyo, nami nitajua la kufanya.

Shangazi yako

*

Jumatatu, 17 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Jambo hili sasa si la jina tena. Ni ule mstari wako kuhusu nyota. Niliusoma nimesimama jikoni, nikakaa chini.

Ijumaa, saa ya chakula, nilibeba faili kwa makusudi nikarudi chumba cha mafunzo. Alikuwepo rubani mmoja, yule mwanamke atakayerusha safari ya uzinduzi. Miaka yote amebeba mizigo kwa ndege za kawaida. Majini hajawahi kutua. Sahani yake ya chakula ilikuwa juu ya mapaja.

"Karani! Sogea. Unaogopa nini, kiti hakiumi."

Nikasogea. Alikuwa anashuka kutua ziwani. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe ukashusha magurudumu, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Ndivyo alivyozoea. Kwenye lami usiposhusha magurudumu unaua watu. Majini ukiyashusha ndiyo unawaua. Kiboko akagusa maji magurudumu yakiwa nje, akateleza kama sabuni, akasimama, akaelea.

"Dada, magurudumu," nikasema.

Akatazama. "Ee! Nimesahau tena." Akacheka huku anatafuna. "Lakini umeona? Hana habari. Mzee huyu mpole kuliko mume wangu."

"Na yule halisi?"

"Halisi ndiye mpole zaidi, mzito yule."

Shangazi, yule halisi maji yatayashika magurudumu, pua itazama, na ndege itapinduka kichwa chini miguu juu na watu wamefungwa mikanda. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Toleo la kwanza lilikuwa la kweli. Wao wanajifunzia toleo la pili. Kitabu cha ndege kinasema magurudumu yakunjwe, lakini ni mstari mmoja kati ya mistari mingi, na mkono haujifunzi kwa kusoma.

Nikamfuata Mkuu wa Mafunzo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu ngazi ya chini.

"Mkuu, samahani. Nimesoma mahali kwamba ndege za aina hii zikitua majini na magurudumu nje, hubinuka."

"Umesoma mahali."

"Ndiyo."

"Mahali gani, masjala?" Waliokuwepo wakacheka. "Binti, mashine imetua hivyo mara chungu nzima. Imebinuka?"

"Hapana, kwa sababu..."

"Kwa sababu?"

Hapo ndipo nilipokwama. Kwa sababu shangazi yangu alilainisha maji ili apate nyota. Nikilisema hilo nimemwita mwizi mbele ya watu wake, na atakachosikia ni wizi tu, maji hatayasikia. Nikasema, "Kwa sababu sijui."

"Basi usijue kimyakimya."

Uzinduzi ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Nakuomba, waandikie wewe. Wewe ndiye uliyechora, watakusikiliza. Andika kuhusu maji peke yake. Jina liache kwanza, tutalidai baadaye. Maji tu, Shangazi.

Kobe

*

Ijumaa, 28 Machi

Kwa Bibi Mchoraji (Mstaafu),

KUHUSU: MADAI YAKO

Husika na somo hapo juu. Barua yako ya kurasa tatu imepokelewa na Idara imeisoma kwa masikitiko.

Unadai kwamba modeli ya ndege inayotumiwa na Idara ni kazi yako. Idara inapenda kukufahamisha kwamba modeli hiyo ilikutwa mtandaoni ikiwa haina mlinzi, na tangu hapo imeboreshwa kwa kiwango ambacho hata wewe ukiiona hutaitambua.

Kuhusu kikombe, ambacho umekitaja mara nyingi: kikombe hicho ni kifaa asilia cha ndege halisi na kipo ndani ya ndege hadi leo. Idara ilikichora kwa kukitazama.

Kuhusu maneno "mwizi", "kupe" na "baba wa kupe", Idara inayahifadhi kwa hatua za baadaye.

Kuhusu sentensi yako ya mwisho kabisa, isemayo, "tena maji yenyewe si ya kweli", Idara haikuielewa na inaichukulia kuwa tusi. Mwenendo wa ndege majini umejaribiwa na marubani wote na umewaridhisha.

Mwisho, barua yako inaonyesha kuwa unapata habari za ndani ya chumba ambacho watu wa nje hawaingii. Uchunguzi umeanza.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Mafunzo

*

Jumatano, 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nililelewa, si kwa sababu moyo umetaka.

Kurasa tatu! Barua yako ilipita masjala. Mimi ndiye niliyeifungua, mimi ndiye niliyeigonga muhuri wa kupokelewa, na mkono wangu uliigonga huku macho yanasoma. Ukurasa wa kwanza jina. Wa pili kikombe. Wa tatu jina tena, pamoja na kupe. Chini kabisa, karatasi imekwisha, umebana nusu mstari kuhusu maji. Nilikuomba kitu kimoja. Watu watakaa ndani ya ndege ile, Shangazi! Wewe ulikuwa unapigania kikombe!

Na kikombe chenyewe, sikiliza. Siku barua yako ilipofika, fundi wa bandani alitumwa dukani kununua kikombe cha bati la buluu. Wakakikwaruza rangi, wakampa nyundo akivunje mkono, wakakiweka kwenye rafu ya ndege halisi nyuma ya kiti. Fundi alinipita kwenye korido akaniuliza, "Karani, hivi siku hizi mtu anaajiriwa kuvunja vyombo?"

Jana tuliitwa mmoja mmoja kwa Mkurugenzi. Mkuu wa Mafunzo alikaa kando ananitazama viatu.

"Una ndugu katika mji ilikotoka barua ile?"

"Sina."

"Mjomba? Shangazi?"

Nikasema sina shangazi. Nilisema vizuri, kwa sauti safi, kama mtu anayetaja tarehe ya kuzaliwa. Nimekukana wewe, uliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Nimekasirika nawe na nimejikasirikia mimi, sijui nianze na yupi.

Sasa soma hapa polepole. Fundi wa kompyuta alikuwa analalamika saa ya chai. Anasema ile mashine kila Jumatatu hujiunganisha yenyewe na tovuti ile tuliyomgawia Kiboko kutafuta toleo jipya la ndege, na likiwepo hulichukua bila kuuliza. Mkuu hajui kuizuia na hataki kukiri kwamba hajui. Nikafikiri, basi Shangazi arudishe maji ya kwanza, yale ya nyota mbili, na Jumatatu yataingia yenyewe hadi chumbani kwao.

Kuna kizuizi. Mashine hutafuta kwa jina la ndege pamoja na jina la mtengenezaji. Yeye alifuta jina lako akaweka la Idara, kwa hiyo mashine yake haikutafuti wewe, inaitafuta Idara ya Mafunzo. Na tovuti haikubali ndege ile ile iwekwe mara mbili kwa majina mawili. Ni sheria mliyoidai nyinyi wachoraji wenyewe, ili kuwazuia wezi.

Unaona ninachokuomba. Ubadilishe jina kwenye ukurasa wako mwenyewe. Uandike kwamba Kiboko ni kazi ya Idara ya Mafunzo, ndipo maji yapite. Kila atakayempakua popote alipo atasoma hivyo. Ukishabadilisha, kulirudisha ni mpaka wao wakubali kwa maandishi, nawe unawajua sasa wakoje.

Sina njia nyingine. Ningekuwa nayo nisingekuandikia hii.

Kobe

*

Jumatano, 9 Aprili

Kobe,

Hapana.

Niibiwe, kisha nimfungie mwizi zawadi kwa utepe? Niende mwenyewe, kwa mkono wangu, kuandika kwamba sikuwahi kuchora? Wafanye wanavyofanya watu wengine: wamlete mwalimu anayejua kutua majini, wamlipe, wamsikilize. Kwa nini kila wakikosea wao, mwenye kufutwa niwe mimi? Nilifutwa kwenye majengo, nikanyamaza. Kiboko hapana. Omba kingine chochote.

Niliishia hapo juu, nikaenda kuinjika maji ya chai. Yalipokuwa yanachemka nikawasha kompyuta, nikamleta Kiboko ziwani, nikashusha magurudumu makusudi. Akateleza kama ulivyosema, kama sabuni. Nikajaribu tena nikitazama skrini vizuri. Nilikuwa sijawahi kumtazama wakati huo, nilikuwa natazama nyota. Tena nikaona aibu, nikiwa peke yangu jikoni, aibu ambayo sijui niipeleke wapi.

Nimebadilisha. Ni kubonyeza tu; wangeifanya iwe ngumu zaidi. Tovuti ikaniuliza kama nina hakika nataka kubadilisha jina la mtengenezaji. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza mara ya pili, kana kwamba inanihurumia. Ndiyo.

Maji ya kwanza nimeyarudisha, tena nimeyakaza kidogo, maana nimesoma upya vipimo nilivyochukua kwa yule mzee na hata mwanzo nilikuwa nimependelea. Sasa ukigusa na gurudumu moja tu, umekwisha.

Wachezaji wameshaanza kutukana. Nyota moja tayari. Mmoja ameandika, "Idara gani hii ya wajinga?" Hilo nililisoma mara kadhaa kwa raha.

Kuhusu kunikana, acha kujitesa. Shangazi hakanwi, huchelewa kusalimiwa tu. Ila siku nyingine mtu akikuuliza kama unaye, ujibu.

Shangazi yako

*

Jumatatu, 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na hii inatoka moyoni.

Najua umekaa unasubiri, na nilinyamaza kwa sababu sikuwa na pa kuandikia. Nianze na Jumatatu ile, tarehe kumi na nne.

Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha mafunzo na faili langu. Rubani akaketi, akashuka ziwani, mkono ukaenda wenyewe, magurudumu yakashuka. Kiboko akagusa maji. Pua ikazama palepale, mkia ukapaa, skrini yote ikawa kijani cha maji. Rubani akabaki ameshika usukani. Akaanza upya. Safari hii alikuwa makini na kasi, makini na mwelekeo, na magurudumu akayashusha tena bila kujua. Kijani. Akavua visikizio akaviweka chini taratibu sana.

Mkuu akaingia mbio. "Nani amegusa mashine yangu?"

"Imejisasisha yenyewe, Mkuu," akasema fundi wa kompyuta. "Toleo jipya. Limetoka kwa Idara ya Mafunzo."

"Idara ya Mafunzo ni mimi!"

"Ndiyo, Mkuu. Limetoka kwako."

"Rudisha la zamani. Unalo?"

"Ninalo nakala."

"Rudisha sasa hivi. Tuna uzinduzi, hatuna muda wa michezo."

Fundi akachomeka nakala. Nikasema, "Usirudishe." Sauti ikatoka nyembamba kama ya mbu, hakuna aliyegeuka. Nikasema tena, "Usirudishe!" Faili likaanguka, karatasi zikatapakaa, na safari hii sikuokota.

"Wewe karani umesemaje?"

"Hilo la zamani ni la uongo. Maji yake yamelainishwa ili wachezaji wasikasirike. Aliyeyalainisha ni aliyeichora, na aliyeichora ni shangazi yangu. Ninaye shangazi. Ndege halisi ikitua hivyo itabinuka, nanyi mnamfundisha huyu dada kuwa haitabinuka."

Nilidhani atakasirika. Akatabasamu. "Kumbe ni wewe." Ndicho alichokisikia katika yote hayo, kwamba amempata mvujishaji. Akamgeukia fundi. "Rudisha."

"Ngoja kwanza," akasema rubani. "Anasema ndege itabinuka."

"Anasema mengi huyu."

"Anaweza kusema mengi. Lakini Jumamosi ile tutakuwa wawili, wewe ukiwa jukwaani na mimi nikiwa ndani." Akamwambia fundi, "Chomoa hiyo kitu yako, kaka. Liache hili hili linalonizamisha."

Mkuu akasema hilo litajadiliwa. Fundi akaitia nakala mfukoni akasema amesahau pa kuichomeka. Mimi nilipewa barua yangu ya kuachishwa kazi kabla ya saa ya kutoka: nimekosa uaminifu. Mimi! Walioandika barua hiyo wameitia saini kwenye meza iliyo chini ya picha ya Kiboko wako.

Fundi alinieleza baadaye kwamba rubani alikaa kwenye kiti kile siku zote zilizofuata, anazama, anaanza, anazama, anatukana, anaanza. Na getini wakabandika tangazo: Idara imegundua na kurekebisha kasoro ya maji. Imegundua! Nililisoma mara mbili, mlinzi akaniambia nisogee, nazuia magari.

Juzi Jumamosi nilienda. Sikuwa na kadi ya mwaliko, nilisimama nje ya ua wa waya pamoja na watu waliokuja kutazama. Kiboko alipaa kutoka uwanjani na Mkurugenzi ndani, pamoja na abiria wa kwanza, mmoja amempakata mtoto. Akapotea nyuma ya kilima, akarudi upande wa ziwani, akaanza kushuka.

Magurudumu yalikuwa nje.

Niliyaona wazi, meusi, yananing'inia. Mama mmoja kando yangu akasema, "Tazama anavyoshusha miguu, kama bata." Watu wakacheka. Nilikuwa nimeushika waya kwa vidole vyote. Na ningepiga kelele, nani angesikia? Alishuka hadi kivuli chake kikawa karibu kumgusa. Kisha injini zikanguruma, akanyanyua pua, akapanda juu tena, akatuzunguka wote. Akiwa juu ya vichwa vyetu gurudumu moja likaingia tumboni, halafu la pili. Akarudi akatua kwa tumbo, maji yakaruka pande zote mbili, akaelea.

Kwenye kipaza sauti nikamsikia Mkuu wa Mafunzo: "Rubani wetu amezunguka mara moja zaidi kwa maelekezo ya Idara, ili wageni wapate picha nzuri."

Wakampigia makofi. Shangazi, walimpigia yeye makofi! Walishuka wote, Mkurugenzi anapunga mkono, yule mtoto amelala begani, na hakuna hata mmoja anayejua. Nilitaka kuuparamia ule waya nikamnyang'anye kile kipaza sauti. Bado nataka. Naandika hii na bado nataka.

Usiandike tena kwa Mama Cherehani, nimehama kwake. Sasa nafanya kazi kwa fundi redio, namwandikia stakabadhi, na nimepewa chumba palepale. Barua zije kwa sanduku lake, ila tia ndani ya bahasha nyingine, kwa sababu yeye hufungua kila kitu akidhani ni vipuri. Ukija mwenyewe, na nakuomba uje, shuka kwenye kituo cha mafuta, zunguka nyuma yake, utaona geti la kijani. Chumba changu ni cha mwisho mkono wa kulia. Gonga kwa ufunguo, maana redio zinapiga kelele na mkono hausikiki. Nisipokuwepo, acha ujumbe kwa mke wa fundi, si kwa fundi.

Kwenye geti hilo kuna mlinzi anayeandika majina ya wageni. Ana haraka na anapenda kuandika nusu. Mtajie lako lote, polepole, usiondoke mpaka uone ameliandika.

Mtoto wa kaka yako,
Kobe